Nywele Zilizomngoja Kaka

Mama alizikwa siku ya mvua, na mimi nikarudi Kericho na nywele zangu kichwani. Kwa mtu wa kwetu maneno hayo yanatosha. Kwa wengine nitaeleza.

Kwetu, upande wa ziwa, mzazi akifa watoto wake hunyolewa baada ya mazishi. Anaanza mkubwa, kisha anayemfuata, mpaka wa mwisho. Ukishanyolewa unaweza kurudi kwa maisha yako: unaingia nyumba za watu, unakula kwao, unacheka. Kabla ya hapo unakaa kama mtu wa mlangoni. Kanisa letu lilikuwa limesema si lazima, na mchungaji aliyemzika mama alilirudia hilo pale kaburini, lakini shangazi aliposhika wembe asubuhi hakuna aliyemkumbuka mchungaji.

Tulikuwa tumebaki watoto wawili. Kaka ndiye alikuwa mkubwa, na hakuwepo.

"Yuko wapi huyu?" shangazi aliuliza.

"Yuko Boito. Anakata kuni."

"Kuni ndizo zinamzuia kumzika mama yake?"

"Ndiyo, shangazi."

Mjomba mmoja akasema ninyolewe tu, mambo yaishe, watu wana safari. Shangazi akamgeukia. "Huyo mkubwa yuko hai. Nikimruka nimemfanya maiti. Unataka nizike wawili kwa jembe moja?" Akaufunga wembe kwa karatasi, akauweka juu ya kabati la vyombo. Akaniambia, "Mlete. Utanikuta hapa."

Hiyo ndiyo kazi niliyorudi nayo kwenye majani chai. Sikujua nitaifanya vipi.

Wakati huo nilikuwa nachuma chai katika shamba la kampuni, na nilikaa peke yangu katika chumba kimoja cha laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizojengwa kwa safu. Niliwahi kuolewa, sikukaa. Shule niliiachia darasa la saba. Kaka alinifuata Kericho baadaye, lakini mwaka aliokuja kampuni haikuwa inaandika watu. Alizunguka stendi siku kadhaa, mpaka akakutana na kontrakta aliyekuwa anatafuta vijana wenye nguvu.

Huyo kontrakta alikuwa analeta kuni kiwandani kwetu. Watu wanaokunywa chai mbali huenda hawajui kwamba majani mabichi hukaushwa kwa moto, na moto ule unakula kuni mchana na usiku. Kampuni ilikuwa na miti yake, lakini haikutosha, kwa hivyo ilinunua magogo ya mikaratusi kwa watu wa nje. Vijana wa kontrakta walikata miti huko juu Boito, wakaishi kwenye vibanda vya mabati huko huko, na lori likaleta magogo kwetu.

Siku ya kwanza kontrakta aliwaambia watoe vitambulisho. Atawawekea, wasije wakavipoteza msituni. Wakatoa wote.

Nimefikiria sana kwa nini walitoa bila kuuliza, na naona ni kwa sababu sisi sote tumezoea. Ukienda kumwona mgonjwa, ukienda ofisi yoyote, hata ukipeleka mandazi kiwandani, askari wa geti anakwambia, "Kitambulisho." Unampa. Anakiweka kwenye kisanduku chake cha mbao chenye vyumba vidogo vidogo, wewe unaingia, na ukitoka anakurudishia. Hakuna anayeona vibaya. Mtu akinyoosha mkono na kusema neno hilo, mkono wako unaenda mfukoni wenyewe. Kaka aliniambia hivyo mwanzoni, nilipomuuliza: "Ni kama getini tu, dada."

Habari za mama zilipofika nilikwenda Boito kumchukua. Nyapara wao alikuwa amekaa juu ya gogo anakula muhindi wa kuchoma. Nilimsalimia, nikamwambia tumefiwa na mama, namwomba kaka.

"Pole sana," akasema. "Huyu mama amekufa mara ngapi?"

Nikamkazia macho.

"Nauliza tu, usikasirike. Mwezi uliopita mama wa yule pale alikufa. Tukamwonea huruma, tukampa ruhusa. Akaonekana Litein anacheza mchezo wa draft."

Vijana wawili wakacheka. Kaka alikuwa ameweka msumeno chini na hakucheka. Alikuwa amekonda, na unga wa mbao ulikuwa umekaa kwenye nyusi zake kama mvi za mzee.

"Basi anaweza kwenda?" nikauliza.

"Nani amemkataza? Barabara ile pale. Kuna mtu amemfunga kamba?" Nyapara akatema ganda la muhindi. "Shida ni kitambulisho. Kiko kwa mzee, na mzee yuko Nakuru. Akirudi ataulizwa."

"Atarudi lini?"

"Mama, mimi ni mke wake?"

Kaka alinisindikiza. Tulishuka pamoja mpaka pale njia ya udongo wa murram inapokutana na lami. Hapo akasimama. Miaka ile ya mwanzo wa tisini, baada ya zile fujo za kikabila za wakati wa uchaguzi, polisi walikuwa wanasimamisha magari kila mahali, na mtu mwenye lafudhi yetu asiye na kitambulisho aliulizwa maswali ambayo hayana jibu. Mwenzake mmoja alijaribu kuondoka hivyo hivyo. Alilala seli, kisha kontrakta mwenyewe akaenda kumtoa na kumrudisha kambini kama mtu aliyeokota kondoo wake. Baada ya hapo hakuna aliyejaribu tena.

"Waambie nakuja," kaka akasema. "Waambie wanicheleweshee kidogo."

Maiti haichelewi. Niliangalia nyuma mara moja nikiwa garini, na alikuwa bado amesimama ukingoni mwa lami, hajakanyaga.

Basi nilirudi kazini. Nilifunga kitambaa cheusi kichwani na sikukivua. Wanawake tuliochuma nao safu moja walikuwa wengi wao Wakipsigis, watu wa pale pale, na jirani yangu wa safu alikuwa mama mcheshi ambaye hakuacha kitu kipite.

"Hicho kitambaa kitaota mizizi," aliniambia. "Utakuja kuchumwa wewe."

Nilicheka mdomo tu. Alinialika kwake Jumapili, nikasema nimechoka. Akanialika tena, nikasema naumwa na kichwa. Binti yake alipozaa, nilikwenda kumpongeza nikasimama nje dirishani. Wakaniambia ingia umshike mtoto, nikasema mikono yangu ni michafu. Baada ya hapo hakunialika tena, na sikumlaumu. Kanisani nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Nilipika kidogo kwa sababu nilikula peke yangu, halafu nikaacha kupika jioni, nikawa nakunywa chai na kulala. Mtu anaweza kuishi hivyo kwa muda mrefu, na hakuna anayegundua.

Asubuhi, kabla ukungu haujaondoka, moshi wa kiwanda ulishuka mpaka tulipokuwa tunachuma. Ulikuwa na harufu ya mkaratusi, kama dawa ya kifua. Wengine walikohoa wakalaani. Mimi niliuvuta. Nilijiambia kwamba mmoja wa miti ile ameukata kaka, kwa hivyo yuko hai na ana nguvu za kukata. Sikuwa na habari zake nyingine. Mara chache lori lilipita barabarani nikamwona juu ya magogo, pamoja na wenzake wa kupakua, na aliinua mkono. Mimi niliinua wangu wenye majani.

Kisha wakaja wageni. Tulikuwa tumeambiwa kwamba wanunuzi wa ng'ambo wanataka kujua kama chai inachumwa na watu huru. Alikuja bwana mmoja mwenye viatu vipya vya kukanyagia matope, pamoja na afisa wa kampuni wa maslahi ya wafanyakazi, mwanamke wa Bomet, kijana kuliko mimi, ambaye tulimwita madam. Walitusimamisha kando ya safu. Bwana aliuliza, madam akatafsiri. Kuna watoto wanaochuma? Hakuna. Mnapumzika Jumapili? Tunapumzika. Mtu akitaka kuacha kazi anaweza? Anaweza, lakini aache nyumba pia. Hilo aliliandika.

Halafu akauliza, "Kuna mtu hapa ambaye kitambulisho chake kinawekwa na mtu mwingine?"

Jirani yangu akajibu haraka, "Sisi wote. Askari wa geti anatuweka kwa sanduku kama mayai."

Wanawake wakacheka, madam akacheka, na bwana alipotafsiriwa akacheka pia. Wakaenda safu nyingine. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini aliuliza kama kuna mtu *hapa*, na kaka hakuwa hapo. Alikuwa Boito, kwa mtu mwingine. Nilifunga mdomo nikaendelea kuchuma, na siku ile kikapu changu kilijaa polepole.

Kilichofungua jambo ni mvua. Jioni moja, baada ya kupima majani, ilinyesha kwa nguvu nikiwa napita karibu na nyumba ya madam. Alikuwa mlangoni. Akaniita nijikinge. Nilikwenda mpaka kwenye baraza, nikasimama chini ya mabati, mahali maji yanaponyunyiza miguu.

"Ingia ndani, mama."

"Hapa panatosha, madam."

"Unalowa."

"Nitakauka."

Aliniangalia, kisha akaangalia kitambaa. "Wewe hata kwa jirani yako huingii. Amelalamika kwangu. Anasema unamdharau kwa sababu ni Mkipsigis."

Hilo liliniuma. Nikamwambia kweli yote, nimesimama hapo hapo: mama, wembe juu ya kabati, kaka, kitambulisho. Nilimwambia siwezi kuingia kwa mtu na kifo cha mama yangu kichwani. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka ilibidi niongeze sauti, na ilikuwa ajabu kusema mambo hayo kwa sauti kubwa.

Nilipomaliza akasema, "Lakini kaka yako si mfanyakazi wetu."

"Najua, madam."

"Kontrakta ni mtu wa nje. Sisi tunanunua kuni tu."

"Najua."

Nilidhani mazungumzo yameisha, nikaanza kuangalia kama mvua inapungua. Kisha akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Hao wa kupakua, wanaingiaje getini?"

"Na lori. Dereva anaacha kitambulisho chake."

"Na wao?"

"Wao wako juu ya magogo."

Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha chai, akaninyooshea pale barazani. Hakusema tena niingie. Akavuta kiti chake akakaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, mpaka mvua ikaisha.

Sijui alizungumza vipi na wakubwa wake, wala kama walimbishia. Ninachojua ni kwamba baada ya muda alinitumia neno: kesho ukimaliza kupima, pita kiwandani.

Nilipofika, lori la kuni lilikuwa nje ya geti na watu wanasema limesimama pale tangu asubuhi. Kaka alikuwa juu ya magogo pamoja na wenzake. Askari wa geti, mzee wa Kipsigis aliyekaribia kustaafu, alikuwa amepewa amri mpya: kila anayeingia kiwandani aache kitambulisho chake mwenyewe, hata taniboi anayemsaidia dereva, hata mpakuaji. Asiye nacho haingii. Hakuna mpakuaji aliyekuwa nacho. Ndani, watu wa boila, wanaowasha ule moto wa kukaushia majani, walikuwa wanaangalia rundo lao la kuni linavyoshuka, na mmoja alikuja mara mbili getini kuuliza kuna nini.

Kontrakta alifika na pikapu. Nilikuwa sijawahi kumwona karibu. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye sweta ya kijani, anasalimia kila mtu.

"Mzee wangu," akamwambia askari, "tumejuana miaka mingapi? Leo umekuwa serikali?"

"Mimi ni geti tu," askari akasema. "Geti halina rafiki."

Kontrakta akacheka, akarudi kwenye pikapu, akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Vitambulisho vilikuwa humo. Akamnyooshea askari mfuko mzima. "Hivi hapa. Fungua."

Askari hakuupokea. "Hapana. Mpe kila mtu chake. Kila mtu aniletee mwenyewe."

"Si ni kitu kile kile?"

"Kama ni kile kile, basi wape."

Basi akawaita mmoja mmoja, na wao wakashuka kutoka kwenye magogo. Kila mmoja alipokea kitambulisho chake kutoka kwa kontrakta, akatembea hatua chache mpaka kidirisha cha askari, akakiacha tena. Niliona walivyokiangalia katika hatua hizo. Mmoja alikisugua kwenye suruali. Lori likaingia, wakapakua.

Walipotoka, mzee yule wa geti alimrudishia kila mtu chake. Na pale nje, kontrakta alikuwa amesimama karibu na lori, ameufungua mfuko wa nailoni kwa mikono miwili.

"Haya, leteni, msije mkapoteza," akasema, kwa sauti ya upole kabisa.

Wa kwanza akakitumbukiza. Wa pili pia. Hawakulazimishwa. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye geti lolote. Madam alikuwa amesimama ndani ya uzio, na niliona uso wake. Nadhani hakuwa amewaza hilo. Alifungua mdomo aseme kitu, lakini kaka alikuwa ameshafika kwenye mfuko, na mkono wake ulikuwa umenyooka.

Nikavua kitambaa.

Nywele zilikuwa zimesongamana, ndefu kuliko nilivyowahi kuziacha, na kwenye paji la uso palikuwa na alama ya kitambaa. Watu wakaniangalia. Kaka akaniangalia. Kumbe hakujua. Alidhani tulishamalizana na mama bila yeye, kwamba mimi nilinyolewa kitambo na jina lake likarukwa. Aliona kichwa changu akaelewa kwamba hajarukwa.

Akarudisha mkono. Akakitia kitambulisho kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Wewe," kontrakta akasema. "Kazi haijaisha."

"Naenda kumzika mama."

"Mama yako si alizikwa?"

"Mimi bado sijamzika."

Kontrakta alimwangalia askari, akamwangalia madam nyuma ya uzio, akaona si mahali pa kupigia kelele. Akafunga mfuko kwa mpira wake. Waliokuwa nyuma ya kaka, baadhi walibaki na vitambulisho vyao wakasimama tu, hawajui waende wapi. Wengine walipanda lori, na wale wawili wa kwanza walipanda pia. Nimejiuliza sana juu ya hao wawili.

Tulisafiri kesho yake. Polisi walisimamisha gari njiani, kaka akatoa kitambulisho kabla hajaulizwa, na polisi hata hawakukitazama. Nyumbani, shangazi aliushusha wembe kutoka kabatini, akauona umeshika kutu, akamtuma mtu dukani alete mwingine. Kaburi la mama lilikuwa limeota majani. Kaka alikaa chini kwenye kigoda, shangazi akaanza na yeye, kisha mimi. Hakuna mtu aliyehutubu. Upepo uliponigusa kichwa nilihisi baridi ambayo nilikuwa nimeisahau.

Baadaye niliambiwa kwamba kampuni iliongeza maneno kwenye mkataba wa kuni: anayeleta kuni asiweke kitambulisho cha mtu, na madam awe anakwenda hadi kambini kuangalia. Ni kweli alikwenda. Nilimwona akirudi na matope mpaka magotini. Ni kweli pia kwamba yule kontrakta hakukubali, akapeleka magogo yake kwenye kiwanda kingine, ambako kitambulisho cha dereva kilitosha. Wale wawili walikwenda naye. Naandika yote mawili kwa sababu yote mawili yalitokea.

Kaka hakurudi tena kwenye nchi ya chai. Alitengeneza baiskeli nyumbani, chini ya paa la nyasi alilojijengea kando ya njia. Kifua kilichomwanza huko Boito hakikupona vizuri. Alifariki kabla ya miaka ile ya tisini kuisha.

Kuandikisha kifo ilibidi nipeleke kitambulisho chake ofisini. Kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake lililotundikwa ukutani, na kifungo kimefungwa. Karani alinyoosha mkono dirishani akasema lile neno, na mimi nikampa, kisha nikabaki nimesimama pale.

"Kuna kitu kingine, mama?" akauliza.

"Hicho kinarudi?"

Alikuwa kijana mwenye adabu. "Hapana, mama. Cha marehemu hakirudi."

Nikamshukuru. Asubuhi baada ya mazishi ya kaka shangazi alitoa kigoda nje, maana kwetu hata ndugu hunyolewa, akaangalia huku na huku kwa mazoea, kama anayetafuta wa kuanza naye, kisha akaniambia nikae.

Nilirudi Kericho Jumapili. Jirani yangu wa safu alikuwa mlangoni kwake, akaona kichwa changu kinang'aa, na sasa alijua maana yake, akaniita. Niliingia, nikakaa, akanimiminia chai yenye maziwa mengi. Aliongea peke yake juu ya ng'ombe, juu ya mjukuu, mpaka giza likaanza kuingia, nami nilishika kikombe kwa mikono miwili mpaka kikapoa.